Tumbo, Njaa na Uzito wa Mwili: Funzo la Upasuaji wa Maradona

Tarehe 15 Agosti 2005, watazamaji wa televisheni nchini Argentina walimwona Diego Maradona akifungua kipindi chake kipya, La Noche del 10, na kupigiana mpira kwa kichwa na mgeni wake wa kwanza, Pelé wa Brazil. Mwaka mmoja nyuma wachache wangaliamini jambo hilo. Nahodha huyo aliyeiongoza Argentina kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1986 alikuwa amenenepa mno, na mwezi Aprili 2004 alilazwa hospitalini mjini Buenos Aires akiwa mahututi kwa maradhi ya moyo. Mwezi Machi 2005 alikwenda Cartagena, nchini Kolombia, akafanyiwa upasuaji wa kupunguza unene. Iliripotiwa kwamba kabla ya upasuaji alikuwa na uzito wa kilo 120 hivi, na kwamba baadaye alipungua kiasi cha kilo 50.

Msomaji anaweza kudhani kwamba madaktari walimkata mafuta. Sivyo. Upasuaji wa aina hii hauondoi mafuta hata kidogo. Hubadili njia ya chakula tu. Basi kilo hizo 50 zilikwenda wapi, na kwa sababu gani? Kulijibu swali hili ni kujifunza mengi juu ya mmeng'enyo wa chakula, homoni, na chanzo cha njaa yenyewe.

Kipimo cha unene

Madaktari hupima unene kwa kugawanya uzito wa mtu, kwa kilo, kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa meta. Maradona alikuwa na urefu wa meta 1.65. Kwa hiyo:

120 ÷ (1.65 × 1.65) = 120 ÷ 2.72 = 44.1

Kwa mtu mzima, kipimo cha kati ya 18.5 na 24.9 huhesabiwa kuwa cha kawaida. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 hali hiyo huitwa unene wa kupindukia. Mwaka 1991 mkutano wa wataalamu nchini Marekani ulipendekeza kwamba upasuaji ufikiriwe kwa mtu mwenye kipimo cha 40 au zaidi, au 35 ikiwa ana maradhi yatokanayo na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wapasuaji vilishusha kiwango hicho hadi 35 kwa mtu yeyote, na 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Hata hivyo, kipimo hiki hakitofautishi mafuta na misuli. Kwa sababu hiyo hakitoshi peke yake kuamua afya ya mtu.

Kwa nini kujinyima chakula ni kugumu

Kanuni ya nishati ni rahisi: mtu akila chakula chenye nishati nyingi kuliko anayoitumia, ziada huwekwa akiba kama mafuta. Akila pungufu, akiba hiyo hutumiwa. Ugumu ni kwamba mwili hulinda akiba yake.

Seli za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994. Homoni hii huarifu ubongo kwamba akiba ipo. Tumbo nalo, hasa sehemu yake ya juu, hutoa homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa na wanasayansi wa Japani mwaka 1999. Grelini hupanda kabla ya mlo na kuamsha njaa. Mtu anapokonda kwa kujinyima, leptini hushuka na grelini hupanda. Wakati huo huo mwili hupunguza matumizi yake ya nishati. Ndiyo sababu wengi waliokonda kwa kujinyima hunenepa tena. Kuwaita watu hao walafi au wavivu ni kuwaonea, kwani wanashindana na mpango wa mwili uliokusudiwa kumwokoa binadamu wakati wa njaa.

Upasuaji wenyewe

Upasuaji aliofanyiwa Maradona ni wa kukwepesha chakula. Asili yake ni Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako mwaka 1966 daktari mpasuaji Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito waliufanya kwa mara ya kwanza. Madaktari walikuwa wameona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walikonda na kupata taabu kunenepa tena. Dosari ya tiba moja ikawa mwanzo wa tiba nyingine.

Kwa namna ifanyikavyo sana siku hizi, hatua zake kuu ni tatu.

Kwanza, mgonjwa akiwa amelala kwa nusukaputi, daktari hupitisha vyombo na kamera ndogo katika matundu madogo ya ngozi. Hutenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo, iungwayo na umio, na kuifanya kifuko cha mililita 30 hivi, yaani kiasi cha vijiko viwili vya mezani. Tumbo la kawaida la mtu mzima hupokea lita moja au zaidi.

Pili, utumbo mwembamba hukatwa chini kidogo ya duodeni, na ncha ya chini huinuliwa na kuunganishwa na kile kifuko. Hivyo chakula huteremka moja kwa moja utumboni bila kupita katika sehemu kubwa ya tumbo wala katika duodeni.

Tatu, sehemu ya tumbo iliyotengwa haitupwi. Huendelea kutoa majimaji yake, ambayo hushuka pamoja na nyongo na majimaji ya kongosho, na kukutana na chakula mbele zaidi. Mabomba hayo mawili yakikutana huwa na umbo la herufi Y.

Badiliko la homoni

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mgonjwa hukonda kwa sababu tu kifuko ni kidogo. Sasa inajulikana kwamba ipo sababu nyingine. Chakula kifikapo haraka katika sehemu za mbele za utumbo, seli zake hutoa kwa wingi homoni za shibe. Mojawapo huchochea kongosho kutoa insulini na kuuarifu ubongo kwamba mlo umetosha. Kwa wagonjwa wengi wenye kisukari cha aina ya pili, sukari katika damu huanza kushuka siku chache baada ya upasuaji, kabla uzito haujapungua sana. Baadhi ya dawa mpya za kupunguza unene zimetengenezwa kwa kuiga homoni hiyo. Nchini Uswidi, uchunguzi mkubwa ulioanza mwaka 1987 ulionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache miongoni mwa waliopasuliwa kuliko miongoni mwa wenzao waliotibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2007.

Gharama yake mwilini

Kila faida hapa ina gharama. Duodeni ndiyo mahali pakuu pa kufyonzwa madini ya chuma na kalisi. Chakula kinapoikwepa, upungufu wa damu na udhaifu wa mifupa huweza kutokea. Vitamini B12 nayo hufyonzwa kwa shida. Hapana budi mgonjwa ameze vitamini na madini maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Hula milo midogo, hutafuna polepole, na akila sukari nyingi huweza kutokwa jasho, kuhara na moyo kwenda mbio. Kadhalika, pombe huingia katika damu upesi na kwa wingi kuliko awali, na hatari ya kutawaliwa na ulevi huongezeka.

Maradona alikuwa amepambana na dawa za kulevya kwa miaka mingi kabla ya kupasuliwa. Mwezi Machi 2007 alilazwa tena mjini Buenos Aires kwa sababu ya pombe na ugonjwa wa ini. Haiwezi kusemwa kwamba upasuaji ndio uliomletea maradhi hayo. Yaweza kusemwa tu kwamba haukuweza kumkinga nayo. Baada ya miaka kadhaa uzito ulirudi, na mwaka 2015 alifanyiwa upasuaji mwingine wa tumbo nchini Venezuela. Alifariki tarehe 25 Novemba 2020, akiwa na umri wa miaka 60, kwa moyo kushindwa kufanya kazi.

Hitimisho

Kisu cha daktari kilibadili tumbo la Maradona, na kwa kupitia tumbo kikabadili ujumbe ufikao ubongoni. Kilimpa nafasi ya kurudi mbele ya watu akiwa mwepesi. Lakini tumbo ni kiungo kimoja tu. Moyo uliokwisha dhurika, mazoea ya miaka mingi na huzuni za mtu hazimo katika kifuko cha mililita 30. Kwa hiyo matibabu ya unene hayaishii chumba cha upasuaji. Huendelea jikoni, kiwanjani, na katika uangalizi wa daktari, ndugu na marafiki kwa maisha yote.

Maswali na mazoezi

1. Kokotoa kipimo cha unene cha mtu mwenye urefu wa meta 1.65 aliyepungua kutoka kilo 120 hadi kilo 70. Je, amefika katika kiwango cha kawaida?
2. Chora njia ya chakula kabla na baada ya upasuaji, ukionyesha mahali nyongo inapokutana na chakula.
3. Eleza kwa nini mtu aliyepasuliwa huweza kupungukiwa damu hata kama anakula nyama na mboga za majani.
4. Jadilini darasani: kama njaa huongozwa na homoni, je, ni haki kumcheka mtu mnene?