Hesabu sauti kabla ya kuhesabu njia

Mdogo wangu wa Manika, umeniuliza ununue kinasa sauti gani ili upige gitaa, uimbe, kisha ujiitikie mwenyewe juu yake. Umetaja cha njia 8 na cha njia 24, na akiba yako inafikia hicho cha kwanza. Yaya wako nakuambia kichukue. Bruce Springsteen alinasa albamu ya Nebraska, iliyotoka mwaka 1982, nyumbani kwake kwa mashine ya kaseti yenye njia 4.

Ila dukani uliza kinapokea sauti ngapi kwa mpigo mmoja. Njia 8 ni sauti zinazokaa ndani na kusikika pamoja. Zinazoingia kwa wakati mmoja ni hesabu nyingine. Tascam DP-008EX ina njia 8 na inanasa 2 kwa mara moja. Zoom R8 ni hivyo hivyo. Wewe unapiga peke yako, 2 zinakutosha: gitaa leo, sauti kesho, kiitikio Jumapili baada ya misa. Kwaya inayotaka kila mwimbaji na maikrofoni yake itafute mashine nyingine.

Tascam na Zoom hizo zote mbili zinatumia betri 4 za AA, na hapa Kolwezi mimi naliweka hilo mbele ya yote. Nunua betri za kuchaji, seti mbili. Nasa alfajiri, kabla jenereta za majirani hazijawashwa. Kadi kubwa usiigharamie: njia moja hula takriban MB 5 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 4 wenye njia zote 8 haufiki hata MB 200.

Pesa itakayobaki iende kwenye hedifoni za waya zinazofunika sikio lote. Zilizo wazi huvujisha gitaa la jana hadi kwenye maikrofoni ya leo. Za Bluetooth zinachelewesha sauti, nawe utaimba nyuma ya gitaa lako bila kujua.

Sasa msikilize mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda, Myeke wa Bunkeya, hapa hapa kwetu Lualaba. Hugh Tracey alimnasa mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Gitaa ni moja, lakini dole gumba linatembeza besi huku kidole kikiimba juu, na unasikia watu wawili. Ukipiga kwa mtindo huo, besi tayari unayo. Gitaa la pili likirudia kazi ya dole gumba, wimbo unajaa matope. Liweke juu, au liache kabisa.

Na njia zikijaa, mashine itakuruhusu kuunganisha kadhaa ziwe moja. Nenda polepole hapo. Niliwahi kuunganisha gitaa na sauti tatu, nikafuta za awali ili nipate nafasi, asubuhi nikakuta gitaa limemeza waimbaji wote. Haikutengenezeka, na mmoja wao alikuwa amekwisha hama mji. Nakili kwanza njia zote kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, ndipo ufute.

Kabla hujalipa, mbele ya muuzaji piga makofi kwenye njia ya kwanza, kisha piga tena juu yake kwenye ya pili, ukisikiliza kwa hedifoni zako mwenyewe. Yakigongana sawasawa, toa pesa.