SOMO LA UFUNDI: BOMBA LA KITI CHA BAISKELI



Leo tutajifunza juu ya kifaa kidogo ambacho wengi hatukiangalii mpaka siku kinapovunjika. Ni bomba linaloshika kiti cha baiskeli. Juu yake kimefungwa kiti. Chini linaingia ndani ya fremu. Ukikaa kitini, sehemu kubwa ya uzito wako inabebwa na bomba hili. Likikatika njiani utaanguka, na ncha yake kali yaweza kukuchoma paja. Kama umempakia mtoto nyuma, mnaanguka wote wawili.

Maoni ya wapanda baiskeli

Siku hizi baiskeli za gia zimeingia vijijini. Nyingi zimeshatumika nchi za nje kabla ya kufika kwetu. Bomba la kiti likiharibika, mwenye baiskeli hutafuta jingine la bei rahisi. Je, la rahisi linafaa? Ukikaa kwa fundi baiskeli utasikia maoni kama haya:

Mkulima: "Bomba ni bomba tu, bwana. Mimi nimenunua la rahisi, naenda nalo shamba kila siku, wala halijanisumbua."

Mbeba maji: "La rahisi mimi silitaki tena. Nikipita kwenye mashimo, kiti kinashuka chenyewe. Nafika kisimani magoti yananiuma."

Fundi: "Ninyi mnagombana bure. Ubaya si bei. Ubaya ni kipimo."

Hebu tuyapime maoni haya. Kila mmoja ana ukweli wake.

Kipimo kwanza

Baiskeli za gia za aina hii zilianzia California, Marekani, katika miaka ya 1970. Vijana walikuwa wakiteremka milimani kwa baiskeli. Walitaka kushusha kiti upesi wakati wa mteremko na kukipandisha wakati wa mlima. Ndiyo maana baiskeli nyingi za namna hii zina mkono mdogo wa kufungia kiti, badala ya nati inayotaka spana.

Mabomba yake hayana unene mmoja. Kwenye baiskeli nyingi za kizamani bomba lina unene wa milimita 25.4, yaani inchi 1. Kwenye baiskeli za gia utakuta milimita 26.8, au 27.2, au 30.9, au 31.6. Tofauti ya 26.8 na 27.2 ni milimita 0.4 tu. Kwa macho huioni. Lakini bomba jembamba likiingia katika fremu pana litacheza na kushuka, hata ukikaza namna gani. Huenda hilo ndilo lililompata yule mbeba maji. Bomba lake laweza kuwa zima kabisa, ila si la baiskeli yake.

Wengine huzungushia kipande cha kopo la soda ili bomba libane. Kwa kufika nyumbani, sawa. Kwa kazi ya kila siku, hapana. Kipande kile hujikunja na kuteleza, na bomba hubanwa sehemu moja tu. Kabla ya kununua, chomoa bomba la zamani. Mara nyingi unene umeandikwa sehemu ya chini. Lakini kama lile la zamani nalo lilikuwa likicheza, usilifuate. Mwambie fundi apime tundu la fremu.

Chuma au alumini?

Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu, uiguse kwenye bomba. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, kwa kawaida ni alumini.

Chuma ni kizito na kinashika kutu. Lakini mara nyingi hupinda kwanza kabla ya kukatika, nawe unapata onyo. Alumini ni nyepesi wala haishiki kutu nyekundu. Lakini ikichoka hufanya ufa mdogo, halafu yaweza kukatika ghafla. Basi kila mwezi pangusa bomba na ulitazame mahali linapoingia kwenye fremu, na pale juu linaposhika kiti. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, usipande tena.

Tena, bomba la alumini likikaa muda mrefu ndani ya fremu ya chuma bila grisi, hugandamana nayo. Hapo hata fundi hodari atatoka jasho. Paka grisi kidogo kabla ya kuliingiza.

Liingie kiasi gani?

Fikiria mpini wa jembe. Usipoingia vizuri katika jicho la jembe, utavunjika au jembe litachomoka. Bomba nalo ni hivyo hivyo. Mengi yana mstari uliochorwa, pengine na herufi MIN. Mstari huo lazima uzame ndani ya fremu. Ukiuona nje, kiti kimepandishwa mno. Bomba laweza kukatika, na fremu yenyewe kupasuka.

Kama hakuna mstari, ingiza angalau sentimita 10. Pia hakikisha mwisho wa bomba umepita chini ya mahali chuma cha juu cha fremu kilipounganishwa.

Tufanye hesabu. Bomba moja lina urefu wa sentimita 25. Jingine lina sentimita 35.

25 – 10 = 15
35 – 10 = 25

La kwanza linaweza kutokeza sentimita 15 tu. La pili linaweza kutokeza 25. Mtu mrefu akinunua lile fupi kwa kuwa ni rahisi, atashawishika kulivuta kupita kiasi. Hapo ndipo hatari ilipo.

Kujua kimo chako, kaa kitini huku mwenzako akishika baiskeli. Weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka, kiti kiko sawa. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litapinda kidogo, kama inavyotakiwa.

Basi tununue lipi?

La rahisi laweza kukufaa, mradi unene ni wake, urefu unatosha, na halina ufa wala halijapinda. Lakini kama wewe ni mbeba mizigo na njia yako ni ya mashimo, chagua la chuma nene, hata likizidi bei kidogo.

Tuseme la rahisi ni shilingi 6,000 na imara ni shilingi 10,000. Ukinunua la rahisi mara mbili umetoa shilingi 12,000. Wahenga walisema: rahisi ghali. Nasi tuongeze: hata ghali ni hasara, kama si kipimo chako.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kiti cha mbeba maji kilikuwa kinashuka?
2. Bomba la sentimita 30 laweza kutokeza sentimita ngapi?
3. Utajuaje kama bomba ni la chuma au la alumini?

Kazi ya kufanya

Leo kabla ya jua kutua, tazama bomba la baiskeli ya nyumbani kwako. Tafuta mstari. Tafuta ufa. Kisha mweleze jirani asiyejua kusoma yale uliyojifunza hapa.