Vidonge vya presha vinapokutana na vya sonona

Tuseme mzee mmoja wa Lunga Lunga anatumia vidonge vya presha: amlodipini na haidroklorothiazaidi, yaani ile dawa ya kukojoza. Amefiwa na mkewe, usingizi umemtoka na chakula hakipiti kooni. Anavuka mpaka kumtembelea nduguye upande wa Horohoro, na huko anaandikiwa amitriptilini ya miligramu 25 kila usiku. Aliyemwandikia hakuuliza juu ya presha, naye mzee hakusema. Saa tisa za usiku anaamka kwenda msalani, na kabla ya kuufikia mlango ameanguka.

Je, kumetokea nini? Mtu anaposimama damu huteremkia miguuni, na mwili hujihami kwa kuibana mishipa ili ubongo usikose damu. Amitriptilini huudhoofisha ubanaji huo, amlodipini huilegeza mishipa, na dawa ya kukojoza hupunguza maji mwilini. Joto la Kwale nalo huzidisha. Kwa mzee, kizunguzungu kama hicho chaweza kuishia kwa nyonga iliyovunjika.

Kipimo ni rahisi, ingawa wengi hawafanyiwi. Presha hupimwa mgonjwa akiwa amelala, kisha tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, dawa zahitaji kuangaliwa upya.

Msomaji, huenda wewe mwenyewe unameza amitriptilini bila kujua kuwa ni dawa ya sonona, kwani wenye kisukari huandikiwa kwa maumivu ya neva. Ukiulizwa kama unatumia dawa za sonona utajibu la, na hutakuwa umedanganya!

Fluoksetini ina yake. Hulizuia ini kuivunja metoprololi, nayo ikajaa mwilini na mapigo ya moyo yakapungua mno. Atenololi hutolewa na figo, hivyo haina taabu hiyo. Fluoksetini pamoja na dawa ya kukojoza yaweza kupunguza chumvi katika damu ya wazee. Mgonjwa huchanganyikiwa, na jamaa wakadhani sonona imezidi. Venlafaksini, kinyume chake, yaweza kupandisha presha.

Usiache dawa yoyote ghafla kwa kusoma haya. Dawa ya kukojoza imezwe asubuhi. Ukiamka usiku, keti kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili. Na pakiti zote, za Kenya na za Tanzania, zitie katika mfuko mmoja umpelekee daktari, awe wa Lunga Lunga au wa Msambweni.