MAZINGATIO YA BUIBUI: KATIKA KUCHAGUA MUME NA HURUMA YA MAMA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema ni za Mwenyiezi Mngu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, buibui ni mdudu tumfagiaye kila asubuhi bila ya kumfikiri, wal-hali Mwenyiezi Mngu amemtaja katika Kitabu chake, na sura ya 29 yaitwa kwa jina lake. Katika aya ya 41 wategemeao wasiokuwa Mngu wamefananishwa na buibui ajengaye nyumba, nayo ni dhaifu kuliko nyumba zote. Wako wasemao kuwa neno la kujenga limekuja hapo kwa sigha ya kike, basi ni dalili ya kuwa jike ndiye mjenzi. Haifai kukimbilia hayo. Jina la buibui katika Kiarabu hutumiwa mara nyingi kwa sigha ya kike, na hiyo ni nahau tu. Mazingatio yake yatosha bila ya kuitwika aya mzigo usio wake. Imamu Damiri, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyekufa mwaka 808 wa Hijra, alimweleza buibui katika kitabu chake cha wanyama; basi si aibu kwa msomaji wa fiqhi kumtazama. Khabari zifuatazo zimethibitishwa na wataalamu wa wanyama katika nchi mbali mbali.

UCHAGUZI WA JIKE

Katika nchi za Ulaya yuko buibui aitwaye Pisaura mirabilis. Dume akitaka jike hukamata mdudu, akamzinga kwa uzi wake, akampelekea kama mtu apelekaye mahari. Jike huipokea zawadi akaila, na wakati ailapo ndipo dume apatapo haja yake. Ajaye mikono mitupu yumo katika khatari ya kuliwa yeye. Lakini wako madume wadanganyifu. Hawa huzinga ganda la mdudu aliyekwisha kunyonywa, au kipande cha mti, likapendeza kwa nje. Jike huuma, na akiona hamna kitu humwacha upesi.

Na huko Finland yuko buibui ambaye dume wake hupiga tumbo lake juu ya majani makavu mfano wa ngoma, na jike humpendelea apigaye mara nyingi zaidi. Kazi hiyo yachosha mwili sana, basi aliye dhaifu hawezi kuidumisha. Zawadi yaweza kughushiwa, lakini nguvu ya kweli haighushiki.

HURUMA YA MAMA

Katika jangwa la Negev yuko buibui aitwaye Stegodyphus lineatus. Jike huulinda mfuko wake wa mayai, na dume mgeni akija hutaka kuutupa ili jike azae naye upya. Basi mama humpigania. Mayai yakianguliwa, huwalisha wanawe kwa maji ayatoayo kinywani, na viungo vya ndani ya mwili wake vikayayuka kidogo kidogo. Mwisho wana humpanda, wakamla, akafa.

Na mwaka 2018 wataalamu wa China walieleza khabari za buibui mwingine, Toxeus magnus, atoaye maji mfano wa maziwa. Wanawe huyanyonya kiasi cha siku 40, hata baada ya kuanza kutoka kujitafutia.

MAZINGATIO

Yataka ijulikane kwamba hayawani hana taklifu, wala hatutwai hukumu kwa buibui. Hukumu zetu zina vitabu vyake. Kwa buibui twatwaa ibra.

Ya kwanza ni mahari. Mahari ni haki ya mke, si ya baba wala ya mjomba. Kwetu Mashafii, mahari iliyotajwa ikiwa fasidi, ndoa yasihi, na mke hupata mahari ya mfano, yaani ya wanawake wa ukoo wake walio sawa naye. Na ikiwa ni deni, mume akifa hutolewa kabla ya urithi kugawanywa. Ni wangapi waliotaja mahari kubwa mbele ya mashahidi, kisha mkeka ukakunjwa na ahadi ikakunjwa nao? Huyo amezinga ganda tupu.

Ya pili ni ya mawalii. Madhehebu yetu yampa baba nguvu juu ya binti yake bikira, lakini ni sunna kumwomba idhini. Buibui hupima aletewalo. Je, binti wa Kiislamu asiulizwe? Na akija mposaji, usitazame kanzu na maneno. Uliza sala yake, kazi yake na amana yake kwa watu, maana hayo hayaazimwi kwa siku moja.

Ya tatu ni ya mama. Fiqhi yetu yamlazimu mama kumnyonyesha mwanawe maziwa ya mwanzo. Baada ya hapo, akipatikana mnyonyeshaji mwingine, mama halazimishwi. Basi miezi yote aliyotunyonyesha ilikuwa ni hisani yake, na malipo ya hisani ni hisani. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alipoulizwa ni nani astahiliye zaidi wema wetu, alimtaja mama mara tatu kabla ya baba.

Wana wa buibui humla mama yao kwa maumbile waliyoumbiwa, wala hawana hisabu. Ama mwana wa Adamu amwachaye mama yake mzee akilala na njaa, naye ana chakula, huyo amemla mama yake na akili anayo. Atakuja kusema nini?

Mwenyiezi Mngu atujaalie kutimiza ahadi zetu kwa wake zetu na kuwatendea wema mama zetu, walio hai na waliotangulia. Amin. Wallahu a'lam.