Harufu ya Beberu na Maziwa ya Watoto

Ndugu zetu wa Mangina na vijiji vya kandokando, somo hili ni juu ya jambo ambalo watu wengi hulicheka, ndiyo harufu ya mbuzi dume, yaani beberu. Lakini katika nyumba yenye mtoto mdogo si jambo la kuchekwa. Mtoto aliyepona ugonjwa wa bwaki ahitaji chakula kinachojenga mwili, na maziwa ni chakula cha namna hiyo. Ng'ombe ni wa bei kubwa, tena ataka malisho mengi. Mbuzi aweza kukaa katika lupango na kula majani anayoletewa. Basi mama akamua mbuzi wake, naye mtoto aonja maziwa na kuyatema, kwa maana yanuka beberu. Baada ya siku chache majirani wananung'unika, na baba amwuza beberu. Mwaka unaofuata jike hana mimba, maziwa yamekauka, na mtoto amerudi kwenye muhogo mtupu.

Je, harufu hii yatoka wapi? Wengi husema, "Beberu ni mchafu tu." Hiyo ni nusu ya kweli. Nyuma ya pembe zake, katika ngozi, mna tezi zinazotoa mafuta yenye harufu. Tezi hizi hufanya kazi kwa nguvu itokayo katika mapumbu. Ndiyo sababu mwana-mbuzi dume hanuki mpaka aanze kukomaa, na beberu aliyehasiwa huacha kunuka baada ya majuma kadhaa. Tena beberu hujikojolea mwenyewe: huinama na kurusha mkojo juu ya ndevu, kifua na miguu ya mbele. Si wazimu wala ugonjwa, ni ginsi yake ya kuwaita majike. Katika nchi za baridi harufu huzidi siku zinapokuwa fupi, kisha hupungua kwa miezi. Sisi tuko karibu sana na ikweta. Mchana wetu na usiku wetu karibu ni sawa mwaka mzima, kwa hiyo beberu wetu hana msimu wa kupumzika.

Wakulima wengine wa Uingereza zamani walimweka beberu pamoja na ng'ombe, wakidhani harufu yake hufukuza magonjwa. Haifukuzi. Lakini ina kazi nyingine ya kweli. Majike waliokaa mbali na dume kwa muda wa mwezi au zaidi, wakisogezewa beberu, wengi wao huingia joto baada ya siku chache. Na mtu asiye na beberu aweza kutumia harufu hiyo kwa kitambaa. Asugue kitambaa juu ya kichwa cha beberu wa jirani, hapo nyuma ya pembe, akitie katika kopo lenye kifuniko cha kubana. Asubuhi, akiisha kukamua, alifungue kopo mbele ya jike. Jike mwenye joto atanusa sana, atatikisa mkia, atalia, wala hataki kuondoka. Basi apelekwe kwa beberu siku ile ile, maana joto hudumu siku moja au mbili tu, kisha hurudi baada ya siku 21 hivi.

Hapo twafika kwenye shauri tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote: si kila lupango uhitaji beberu. Beberu mmoja mwenye afya atosha majike 20, hata 30. Mtu mwenye mbuzi wawili akifuga na beberu wake, alisha kinywa cha tatu kisichotoa maziwa, na kuvumilia harufu siku zote za mwaka kwa ajili ya kazi ya siku chache. Katika Meru, nchi ya Kenya, tangu miaka ya 1990, wakulima waliosaidiwa na shirika la FARM-Africa walifanya vikundi. Beberu wa jamii ya Toggenburg alitunzwa mahali pamoja, na wengine walileta majike wao wapandwe hapo. Familia kumi za kwetu zaweza kufanya vivyo hivyo. Yule anayemtunza apewe malipo kidogo kwa kila jike, kwa sababu yeye ndiye achukuaye mzigo wa harufu. Jike aliyetupa mimba asiletwe, maana ugonjwa wake waweza kuenea kwa kundi lote. Na kila mwaka wa pili mbadilishane beberu na kikundi cha mbali, asije akapanda binti zake mwenyewe.

Nyumba ya beberu ijengwe wapi? Tazama moshi wa jiko lako jioni kwa siku kadhaa. Unakokwenda moshi ndiko liwekwe zizi, ikiwa si kwa mlango wa jirani. Lisiwe karibu na chemchemi wala na mahali pa kukamulia. Hatua 20 ni kidogo, 50 ni vizuri zaidi. Sakafu iinuliwe juu ya nguzo, fito zikiachana kidogo ili mkojo na mavi vianguke chini, naye asilale ndani yake. Mavi yaondolewe mara kwa mara na kupelekwa kwenye shimo la mbolea kwa ajili ya ndizi na kakao. Ua uwe wa nguvu sana. Katika kitabu cha Mithali, sura ya 30, beberu ahesabiwa pamoja na simba na mfalme, na mtu aliyejenga ua wa miti dhaifu ajua sababu yake.

Mnyoe ndevu na nywele ndefu za tumboni, kwa maana mkojo hushika hapo. Asubuhi ya jua mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Harufu itarudi baada ya siku chache, lakini haitakuwa kali kama kwanza. Msimpake mafuta ya taa, wala mafuta machafu ya motokari, wala dawa ya klori. Vitu hivi vyachoma ngozi, naye atavilamba. Wala asiwepo mtu wa kuzichoma tezi zake kwa chuma cha moto. Wana-mbuzi dume wasiotakiwa kwa uzazi wahasiwe na mwenye ujuzi, au watengwe wakifika miezi mitatu, kwa maana baada ya hapo waweza kumpanda hata mama yao.

Sasa juu ya kukamua. Kamua kwanza, kisha nenda kwa beberu. Usigeuze utaratibu huo. Uwe na nguo moja ya kazi ya beberu, nayo ikae huko huko. Harufu hii ni ya mafuta, kwa hiyo maji matupu hayaiondoi. Tangu Ebola ilipotangazwa katika eneo letu tarehe 1 Agosti 2018, watu wengi hapa wajua ndoo ya kunawia yenye bomba. Ndoo kama hiyo iwekwe karibu na zizi, lakini kwa kazi hii sabuni ndiyo itakiwayo kuliko klori. Jike aliyetoka kwa beberu huja na harufu yake shingoni na mgongoni. Mfute, oshe kiwele, ukamulie mahali pengine. Maziwa yafunikwe mara moja, kwa kuwa mafuta yaliyomo hushika harufu upesi.

Ikiwa beberu yuko mbali na maziwa bado yananuka, usimlaumu yeye. Angalia bido la plastiki, ambalo halitoi harufu ya jana hata likisuguliwa. Angalia kiwele kilichovimba au chenye joto, na maziwa yaliyokaa saa nyingi juani. Maziwa yote yachemshwe, kwa maana maziwa mabichi ya mbuzi yaweza kuleta homa inayorudi-rudi pamoja na maumivu ya viungo. Kuchemsha huua ugonjwa, lakini hakuondoi harufu. Mama anayechemsha saa nzima ili harufu itoke, apoteza kuni tu.

Mtoto asiyetimiza miezi sita apewe titi la mama tu. Aliyepita mwaka mmoja apewe maziwa ya mbuzi pamoja na maharagi, lenga-lenga au sombe, kwa sababu maziwa haya peke yake yapungukiwa na kitu kimoja cha kutengeneza damu, nacho kimo katika mboga za majani.

Maswali ya kujibu katika kikundi: Mbuzi wa mama mmoja alipandwa tarehe 1 ya mwezi wa tatu. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi. Atazaa karibu tarehe gani? Kama hakushika mimba, siku gani atafunguliwa tena kopo la kitambaa? Na katika kijiji chenu, ni nani aliye na nafasi ya kumtunza beberu wa kikundi, na upepo wa kwake waelekea wapi?