Bara Bara ya Igoma: Njia ya Kutoka Mwanza Hata Sirari

Mtu akaaye Igoma, upande wa mashariki wa mji wa Mwanza, huiona bara bara kuu kila siku. Motakaa kubwa na ndogo hupita mbele ya soko tangu alfajiri hata usiku, nyingine zikielekea Musoma na Tarime, nyingine zikirudi mjini. Walakini wengi wetu hatujiulizi njia hii inafika wapi, wala ilipatikanaje. Katika somo hili tutaeleza mwendo wake na historia yake. Tena tutaeleza jambo moja ambalo kila akaaye kando yake hana budi kulijua, nalo ni hili: bara bara haijengwi mara moja ikaisha, na uzima wake umo katika mahali inapovuka maji.

1. MWENDO WAKE

Mwenye ramani na aifungue. Atauona mji wa Mwanza juu ya pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria. Mashariki ya mji maji ya ziwa yameingia ndani sana ya nchi kavu, na mahali hapo huitwa Ghuba ya Speke. Mwenye mtumbwi atakaye kwenda Musoma aweza kukata maji karibu na visiwa vya Ukerewe. Lakini bara bara haina mbawa wala makasia. Yalazimu izunguke ghuba yote.

Kwa sababu hii, ikitoka Igoma, njia yetu huenda mashariki hata Kisesa, karibu na Bujora penye makumbusho ya Wasukuma. Kisha hupita katika nchi ya Magu, huvuka mto Simiyu, na kufika Lamadi, karibu na pembe ya mwisho ya ghuba. Hapo Lamadi njia nyingine hutengana kwenda Bariadi. Bara bara kuu yenyewe hugeuka kaskazini, hupita mbele ya lango la Ndabaka, ambapo Mbuga ya Serengeti inakaribia sana ziwa, huvuka mito ya Mbalageti na Grumeti, na kuingia Bunda.

Toka Bunda hupanda kwenda Kiabakari, nayo nchi ya Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere, iko upande wa mashariki. Mahali paitwapo Makutano, tawi moja hushuka kushoto hata Musoma. Njia kuu huendelea mbele, huvuka mto Mara hapo Kirumi, hupita Tarime, na mwisho hufika Sirari kwenye mpaka wa Kenya. Toka Mwanza hata Musoma ni yapata kilometa 220, na hata Sirari ni karibu kilometa 300. Ng'ambo ya mpaka njia huendelea Migori, Kisii na Kisumu.

2. ZAMANI ZA MIGUU

Hapo kale njia zilikuwa vijia vya miguu, vyembamba, vya mtu mmoja nyuma ya mwenziwe. Njia kuu ya misafara haikufuata pwani ya ziwa kama bara bara ya leo. Ilitoka pwani ya bahari, ikapita Tabora, ikaja kaskazini kwa Wasukuma. Kwa njia ya Tabora ndivyo Mwingereza John Hanning Speke alivyofika mwezi wa Agosti 1858 akaliona ziwa karibu na Mwanza. Henry Morton Stanley naye alitoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874, akafika Kageye, pwani ya Ghuba ya Speke, tarehe 27 Februari 1875. Safari yake ilichukua siku zaidi ya 100, na wapagazi walichukua mashua yake vipande vipande mabegani mwao.

Wenyeji nao walikuwa na safari zao. Wasukuma walikwenda kwa makundi hata ziwa Eyasi kutafuta chumvi, wakarudi nayo kwa miguu. Msafara kama huo ulitaka kiongozi ajuaye visima, na watu wajuao mito inavukika wapi na wakati gani. Mto ukijaa, msafara ulikaa ukingoni ukangoja. Hili tulikumbuke, maana jambo lile lile liliwapata baadaye wenye magurudumu.

3. ZAMANI ZA MELI NA RELI

Wadachi, yaani Wajerumani, walijenga boma lao Mwanza mwaka 1892. Desemba 1901 reli ya Waingereza iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu. Tangu hapo mlango wa biashara ya Mwanza ukawa majini. Ngozi, karanga na pamba zilipakiwa katika meli hata Kisumu, zikachukuliwa na gari moshi hata Mombasa. Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Waingereza waliutwaa mji wa Mwanza, na meli zikaendelea na kazi yake baina ya Kisumu, Musoma, Mwanza na Bukoba. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, na mji ukapata mlango wa pili, wa kwenda Dar es Salaam.

Msomaji atauliza: kwa nini bara bara ya kuzunguka ziwa ilichelewa? Jibu ni kwamba mji wenye meli upande mmoja na gari moshi upande wa pili haukuona haja kubwa ya njia ya tatu. Mizigo mizito ilipita majini kwa gharama ndogo. Bara bara za nchi kavu zilikuwa za udongo, za kuunganisha boma na boma, na bandari na vijiji vyake. Watu wa vijijini ndio waliozifyeka na kuzitengeneza, wengi wao kwa amri, na aliyeshindwa kulipa kodi aliweza kutakiwa aifanyie kazi. Watemi ndio walioambiwa watoe watu hao. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Usukuma neno bara bara lilikuja pamoja na jembe, jasho na manung'uniko. Ni haki tuwakumbuke watu hao, ingawa majina yao hayakuandikwa juu ya jiwe lo lote.

4. ZAMANI ZA MOTAKAA

Pamba ndiyo iliyobadili mambo. Mkulima wa Magu au wa Bunda hakuweza kuipeleka mbali kichwani, nayo mashine za kuchambulia zilitaka pamba nyingi kwa wakati mmoja. Malori yakaingia vijijini. Katika miaka ya 1950 wakulima walijiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa katika Muungano wa Viktoria, ambao kiongozi wake mashuhuri alikuwa Paul Bomani. Mahali palipo na ghala la ushirika, yalazimu lori lifike. Na mahali lori linapofika mwaka hata mwaka, bara bara huzaliwa.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1963 utawala wa watemi ulikoma. Kazi ya bara bara kuu ikawa ya Serikali, na lami ikatandikwa sehemu kwa sehemu. Lakini njia ndefu haitegemei lami peke yake, hutegemea pia amani na majirani. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mpaka haukufunguliwa tena hata Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba njia yetu ilikuwa kama mto uliozibwa mdomo. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999, nao Sirari umekuwa mlango wa biashara tena.

5. MITO NDIYO MABWANA WA NJIA

Sasa tuje kwenye moyo wa somo. Kwa nini bara bara hii husumbua wajenzi? Sababu ya kwanza ni udongo. Mabondeni upo udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa mvua hunyonya maji na kuvimba. Wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa. Bara bara iliyowekwa juu yake bila tuta imara huinuka na kushuka pamoja nao, mpaka lami inakatika.

Sababu ya pili ni mito. Simiyu, Mbalageti na Grumeti hutoka mashariki, katika nyanda za Usukuma na Serengeti, na yote huingia katika Ghuba ya Speke. Kwa kuwa bara bara inazunguka ghuba, haiwezi kuikwepa hata mmoja. Mto Mara nao hutoka milima ya Mau katika Kenya, na kabla ya kuingia ziwani hutanda katika vinamasi vya mafunjo. Zamani wasafiri walivuka Kirumi kwa kivuko. Daraja kubwa lilikamilika katika miaka ya 1980.

Sababu ya tatu ni ziwa lenyewe, ambalo halikai mahali pamoja. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961, hata kufika mwaka 1964, maji yalipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 yalipanda tena sana. Ziwa likipanda, maji ya mito hukosa pa kutokea upesi, yakarudi nyuma na kutanda mabondeni. Kwa hiyo mjenzi wa daraja hapimi mto wa leo tu. Hupima na mafuriko ambayo baba zetu waliyaona.

6. MAKABURI YA IGOMA

Yupo atakayesema: kama maji ni adui wa bara bara, si heri tusafiri kwa maji? Igoma yenyewe ina jibu zito. Tarehe 21 Mei 1996 meli iitwayo MV Bukoba ilipinduka na kuzama ilipokuwa ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua watu 430, lakini siku ile ilikuwa na watu wengi zaidi sana. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Wengi wao walizikwa hapa Igoma, na makaburi yao yapo hata leo, na kila mwaka watu huja kuwaombea.

Kwa nini walijazana katika meli moja? Moja ya sababu ni kwamba njia ya nchi kavu ya kuzunguka upande wa magharibi, kwa Geita na Biharamulo, ilikuwa ndefu na mbovu, tena ilikatwa na maji baina ya Kigongo na Busisi. Asiye na njia mbili hana uchaguzi. Hupanda kile kilichopo, hata kikiwa kimejaa.

Miaka mingi vivuko vilifanya kazi hapo Kigongo, na wasafiri waliweza kungoja saa nzima au zaidi. Mwaka 2020 kazi ya daraja ilianza, na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa yapata kilometa 3. Sasa motakaa huvuka kwa dakika chache. Basi mtu aweza kutoka Sirari, akapita Igoma na Mwanza, akavuka Kigongo, akaenda hata Bukoba na mpaka wa Uganda, asipande chombo cho chote cha majini.

7. WAJIBU WETU

Tusidhani kwamba kazi imekwisha. Bara bara nayo huua, kama dereva ana haraka, na basi limejaa kama meli ile. Sheria ya kutozidisha watu ni ile ile, majini na nchi kavu.

Tena maji hayalali. Mtaro ukizibwa kwa takataka, maji hupanda juu ya lami, huingia katika nyufa, na magurudumu humaliza kazi yaliyoianza maji. Mchungaji apitishaye ng'ombe kila siku mahali pamoja hubomoa kingo za tuta. Mwizi wa vyuma vya daraja na vibao vya alama huuza kwa shilingi chache kitu kilichowekwa kulinda roho za watu.

Jambo la mwisho ni ardhi. Sheria ya Bara Bara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya bara bara kuu kuwa mita 30 kila upande, kupimwa toka katikati ya njia. Zamani ilikuwa mita 22 na nusu. Mtu ajengaye duka au nyumba ndani ya hifadhi hujenga juu ya hasara yake. Anunuaye kiwanja kando ya njia na apime kwanza kwa kamba, kisha aulize ofisi ya TANROADS ya mkoa, ambao ndio wakala wa bara bara kuu. Wazee wa mitaa na walimu wafanye hisani kubwa kwa kulieleza jambo hili mikutanoni, kabla mtu hajafyatua tofali la kwanza.

Wazee wetu walilima njia hii kwa amri. Sisi tunapita juu yake kwa hiari, na faida ni yetu. Basi kuitunza kusingoje amri.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Chora ramani ya Ghuba ya Speke, na uandike majina ya miji na mito toka Igoma hata Sirari.
2. Kwa nini bara bara haikufuata njia fupi ya kwenda Musoma?
3. Eleza sababu tatu zinazoharibu bara bara katika nchi ya mabonde.
4. Mpaka wa Sirari ulifungwa kwa muda gani, na hasara zake zilikuwa nini kwa wakulima na wachuuzi?
5. Nenda ukautazame mtaro ulio karibu na shule yako. Je, maji yanapita? Kama hayapiti, nani ameuziba, na ninyi mwaweza kufanya nini?