Jahazi Arrow na Masharti ya Vita ya Haki



Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba vita ya haki ina masharti matatu: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Tuyapime kwa tukio moja la historia.

Tarehe 8 Oktoba 1856, askari wa China walipanda jahazi Arrow huko Guangzhou, wakawakamata mabaharia 12 Wachina kwa kuwashuku uharamia. Mwenye jahazi alikuwa Mchina, lakini liliandikishwa Hong Kong, koloni la Uingereza. Konsuli Harry Parkes alidai kwamba bendera ya Uingereza ilishushwa, na kwamba kwa mkataba ilipasa aombwe yeye kwanza. Alitaka watu warudishwe na radhi iombwe.

Gavana Mkuu Ye Mingchen alijibu kwamba hapakuwa na bendera. Mwishowe aliwarudisha wote 12, lakini bila kuomba radhi. Parkes akakataa. Mwezi huohuo mizinga ya Waingereza ikaanza kuupiga mji.

Kumbe hati ya jahazi ilikwisha muda tangu tarehe 27 Septemba. Gavana wa Hong Kong, John Bowring, aliligundua hilo akamwandikia Parkes, akitaja pia kwamba Wachina hawakulijua. Hawakuambiwa.

Machi 1857, hoja ya Richard Cobden ya kuilaumu serikali ilipita bungeni London kwa kura 263 dhidi ya 247. Waziri Mkuu Palmerston aliitisha uchaguzi, akashinda. Mkataba wa Tianjin wa 1858 ukafungua bandari zaidi na Mto Yangtze kwa meli za kigeni. Mwaka huohuo biashara ya afyuni ikahalalishwa kwa kutozwa ushuru. Mapigano yaliisha 1860.

Sasa tupime. Mamlaka: mizinga ililia kabla London haijapata habari. Sababu: anayelazimika kuficha ukweli ili dai lake lisimame, hana bado sababu ya haki. Nia: mwanzoni ilidaiwa heshima ya bendera, mwishoni zikadaiwa bandari na mto.

Sisi Wakatoliki tusijitoe katika somo hili. Ufaransa iliingia vitani ikitaja kifo cha Padre Auguste Chapdelaine, mmisionari aliyeuawa Guangxi mwaka 1856. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu pamoja na mashahidi wengine wa China. Shahidi hutoa uhai wake mwenyewe. Hatoi ruhusa ya kuua wengine kwa jina lake. Tukichanganya mambo haya mawili, tunawapa watu sababu ya kuiona Injili kama mzigo ulioshushwa na meli za kivita.

Maswali ya kutafakari:
1. Je, kunyamaza kwa makusudi ili mwenzako aendelee kukosea ni sawa na kusema uongo?
2. Katika madai yetu ya ardhi, mirathi au uongozi wa jumuiya, ni "hati" gani tunayojua imekwisha muda, nasi bado tunaitumia?